Ukoka wa Mbele ya Nyumba

Kwetu Nachingwea mwanamke alijulikana kwa uwanja wake. Uwanja mwekundu, umefagiwa asubuhi mpaka mistari ya ufagio inaonekana, hauna hata jani moja. Jani likiota mlangoni, watu wanauliza kama mwenye nyumba anaumwa. Mie nimefagia hivyo tangu nilipoolewa, na walionifundisha nawakumbuka wote kwa majina, mmoja mmoja. Majina nayaacha. Wengine wako kaburini, wengine bado tunaombana chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili binti yangu alinitumia barua kwa mkono wa dereva wa basi la Dar es Salaam. Niliisoma mwenyewe, pole pole, kwa kisomo kile cha watu wazima. Mwanawe wa kike alikuwa anaingia mwaka wa nne hajatembea. Alipata homa kali akiwa mchanga, miguu ikalegea. Hospitali walisema mtoto awekwe kwenye majani laini kila siku, atambae, asimame, aanguke bila kuumia. Wao kule walipanga chumba kimoja, uani sementi tupu. "Mama," aliandika, "ukipata majani mazuri hapo mbele, nitakuletea ukae naye mwaka mzima. Usipopata, sijui nimpeleke wapi."

Nikaanza kutafuta majani. Ukoka unaujua? Ndio ule unaotutesa kwenye karanga. Unaukata leo, kesho umeota, ukiacha kipande kimoja cha mzizi, wewe umekwisha. Nikasema huu hautanishinda. Mvua za Januari nikauchimba bondeni, nikaubeba kwa beseni, nikaupanda mistari mistari mbele ya nyumba.

Ulinishinda. Udongo wa pale, kwa kufagiwa miaka yote ile, ulikuwa mgumu kama sakafu, na juu yake changarawe. Mvua ikinyesha maji yanapita tu, yanakwenda kwa jirani. Nikalima, nikachanganya mbolea ya mbuzi. Kumbe mbolea ilikuwa mbichi, ukoka ukaungua. Nikapanda tena. Mvua zilipokatika nikaufunika kwa nyasi kavu usipigwe na jua, wakaja mchwa. Walikula zile kavu, wakaendelea na mbichi. Nikawa nakwenda kisimani asubuhi ndoo mbili, jioni ndoo mbili, za ukoka tu. Mwenyewe naoga kwa kopo.

Jirani yangu, tuliyezoea kutaniana naye, alisimama akacheka mpaka khanga ikamdondoka.

"Dada wee! Shambani unaua ukoka, nyumbani unaunywesha! Unafuga nyoka?"

"Nafuga mume," nikamwambia. "Wa kwanza si alikufa."

"Basi na huyu atakufa kwa kiu. Sema kweli, ni wa nini?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ukweli ulikuwa mdomoni, nikaumeza. Mtoto wa miaka mitatu hatembei: maneno yangeanza siku ileile, nani kamfanya nini, mama yake kavunja mwiko gani. Nikasema, "Mgongo, mwenzangu. Siwezi tena kulima uwanja wala kufagia. Acha yaote tu."

Akanitazama kwa huruma. "Pole, dada."

Kufika mwezi wa tisa palikuwa na kipande kimoja, kiasi cha mikeka miwili, upande wenye kivuli cha nyumba. Niliweka kiganja pale, nikaona hapachomi. Nikaandika: mlete.

Barua ikiwa njiani nikaitwa Mbekenyera. Dada yangu, tuliyefuatana naye kwenye ziwa la mama, alikuwa amezidiwa. Nilikaa naye siku nne, akafariki, tukamzika hukohuko. Matanga yalipokwisha nikapanda lori mpaka Ruangwa, nikapata gari la kwetu. Njia nzima, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza ukoka ambao haukunyweshwa siku nane.

Nafika, watu wamejaa. Habari ya msiba ilinitangulia, na kwa desturi yetu mfiwa haachiwi uchafu nyumbani. Wanawake huja na majembe, hulima uwanja, hufagia, wageni wapate pa kutandika mikeka. Uwanja ulikuwa mwekundu kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Jirani yangu akanipokea mzigo, akanikumbatia, tukalia. Halafu akaninong'oneza:

"Tulijua mgongo haukuruhusu. Ule ukoka tumeuchimbua wote. Tumechekecha udongo mpaka mizizi, tukaichoma. Hautaota tena, dada. Pumzika."

Viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Nikasema, "Asanteni. Mungu awalipe." Ningesema nini?

Kesho yake binti yangu akashuka kwenye basi. Barua yangu na habari ya msiba vilimfikia pamoja siku moja. Akapita katikati ya watu, mtoto mgongoni, macho yanatafuta. Mwisho akamshusha kwenye udongo. Mtoto akajivuta kwa viwiko kumfuata kuku, kama hatua tatu za mtu mzima, akakwama. Goti lilikuwa limechubuka, changarawe imeingia. Hakulia sana. Aligeuka tu akatutazama.

"Mama, uliniandikia yapo."

Wanawake walikuwa wamekaa wanachagua mchele, jirani yangu kati yao, wote wanasikiliza.

"Yalikufa," nikasema. "Jua."

"Wiki mbili tu?"

"Jua la huku umelisahau, mwanangu."

Akamfuta mtoto goti kwa ncha ya khanga. Siku ya tatu akafunga mzigo. Nikamwambia mwache, nitapanda tena, mvua zinakuja, safari hii nitaweza. Akasema, "Utaweza lini, mama? Miguu yake inakonda."

Tukaenda stendi, mjukuu nimembeba mimi. Mlangoni mwa basi kondakta alikuwa na haraka. "Bibi," akasema, "mshushe huyo apande mwenyewe, mkubwa huyo." Nikapanda naye hivyohivyo, nikamkalisha dirishani, nikamnyoosha miguu, nikashuka.