Wagonjwa Tisa wa Marlys Vavra

Marlys Vavra alinunua ofisi yangu mwaka aliofariki mke wangu, na kwa miaka kumi na minne sasa anauza bima za afya katika chumba kilekile nilimouzia mimi, kati ya kinyozi na duka la mbegu lililofungwa. Ni mwanamke mrefu, mkimya, binti wa mfugaji wa nguruwe. Aliachika akiwa na watoto wawili, akawalea peke yake. Chuo hakusoma. Mimi pia sikusoma. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, nikajifunza mikataba ya bima kwa kuisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, hadi nikaweza kumwonyesha wakili mahali alipokosea. Marlys nilimfundisha hivyohivyo. Ninayoyasimulia niliyaona nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, ambako mimi hukaa siku nyingi kwa kuwa sina pengine pa kwenda.

Wakala wa bima hauzi chake. Anauza cha kampuni aliyowekeana nayo mkataba, na kampuni asiyo na mkataba nayo haruhusiwi hata kumfungulia mteja kijitabu chake. Kwa hiyo kila mwaka, kabla wazee hawajaanza kufungua barua zao za Oktoba, msimu wa kubadilisha bima, na kuingiwa na hofu, wakala huwa ameshaamua atasimama na nani. Wateja hawalijui jambo hili. Wanadhani wao ndio wanaochagua.

Zamani uamuzi huo ulikuwa na adabu yake. Kampuni ilimtuma mtu, ukala naye mgahawani, ukaangalia anavyosema na mhudumu. Halafu, kabla ya kutia saini, ulikwenda hospitali. Hukwenda kwa daktari wala kwa mkurugenzi. Ulikwenda kwa mwanamke wa dirisha la malipo, ukamuuliza: hawa wanalipa, au wanakuzungusha? Yeye ndiye ajuaye. Orodha za madaktari zinazochapishwa na makampuni nimezisoma miaka arobaini, na nimekuta humo watu ambao mazishi yao nilihudhuria.

Septemba ile alikuja kijana wa kampuni ya Veldana, jina lake Brock Hanley, viatu vyake havijawahi kukanyaga tope. Veldana walitaka wilaya yetu yote. Walikuwa tayari kulipa kodi ya ofisi ya Marlys na kumpa kamisheni nono, kwa sharti moja: asiuze bima ya mtu mwingine yeyote. Upande wa pili ilikuwepo Kampuni ya Bonde, ndogo, ya watu wa hapahapa, ambayo Marlys alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Ila Bonde ilikuwa inasinyaa. Ilikuwa imeshajitoa katika wilaya mbili, na kila barua yake ilianza kwa kuomba radhi.

Marlys alikuwa na wateja mia mbili na kumi, karibu wote wazee. Tisa kati yao figo zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki walikwenda kusafishwa damu katika chumba cha chini cha hospitali yetu, kwa muda wa saa nne kwenye mashine, kisha wakarudi nyumbani kulala. Kama bima yao isingekubaliwa pale, wangelazimika kwenda mji wa Lincoln, mwendo wa saa moja na nusu kwenda na vivyo hivyo kurudi, wakati wa theluji, wakiwa hawana nguvu hata ya kufungua mlango wa gari. Hilo ndilo lililomnyima Marlys usingizi. Kodi ya ofisi nayo ilimnyima usingizi, sitaki kudanganya.

Siku ya Alhamisi alikwenda dirishani kama nilivyomfundisha. Darlene Kotas, ambaye amekaa nyuma ya kioo kile tangu akiwa msichana, akamwambia hospitali ilishasaini na Veldana mwezi Agosti, na kwamba mpaka sasa wanalipa kwa wakati. Marlys alirudi ofisini mabega yameshuka kama mtu aliyetua mzigo. Akampigia Hanley, wakaahidiana Ijumaa saa tano asubuhi mgahawani, waje watie saini. Nami nilitulia. Nilidhani tumefanya kazi ya kiume, kumbe tulikuwa tumeuliza dirisha moja tu.

Ijumaa saa tatu aliingia Ladislav Kubicek, mkulima wa mahindi aliyefiwa na mke, mmoja wa wale tisa, mkononi ana mfuko wa mbegu uliojaa barua. Huo ndio kabati lake. Alikuja kulalamika kuhusu bili moja asiyoielewa, na wakati Marlys anaisoma, nilimwona anasita. Akaigeuza. Akatoa nyingine mfukoni, na nyingine. Zile za mifupa na za macho zilikuwa na anwani ya hospitali yetu. Zile za kusafishwa damu zilikuwa na sanduku la posta la Denver, mji wa jimbo jingine.

"Baba Kubicek," akasema, "hizi mashine za chini ni za nani?"

"Za hospitali. Si ziko hospitalini?"

Hazikuwa za hospitali. Ilikuwa kampuni nyingine imepanga chumba kile, na imekipanga kwa miaka sita bila mtu yeyote mjini kujua, kwa kuwa wauguzi walikuwa walewale na mlango uleule. Darlene alisema kweli kuhusu dirisha lake. Bili za mashine hazikupita kwake.

Marlys alianza kupiga Denver palepale. Hakuna mtu siku hizi. Kuna sauti inayokuambia simu yako ni muhimu. Saa tano ilimkuta bado anasubiri, akaibeba simu ile hadi mgahawani ikiwa inapiga muziki, akaiweka mezani, sauti wazi, kando ya sahani ya kolache, vimkate vitamu vyenye plamu katikati. Hanley alikuwa ameshafika. Mkataba ulikuwa umefunguliwa kwenye ukurasa wa saini na kalamu imelazwa juu yake.

Tulikaa hivyo dakika thelathini na tano. Hanley aliongea habari za mpira, kisha za mvua, kisha akaishiwa. Marlys alikuwa anakandakanda kolache yake bila kuila. Mhudumu alijaza kahawa mara tatu. Kila muziki ulipokatika sote watatu tuliitazama simu, halafu muziki ukarudi.

"Mama Vavra, mimi sikuharakishi," Hanley akasema. "Ila saa sita natakiwa wilaya nyingine. Na ofa hii iko wazi hadi jioni ya leo, unajua hilo."

Marlys akamwambia amesikia.

"Babu hapa ndiye anakutia wasiwasi," Hanley akasema akinitabasamia. "Enzi zenu mlikuwa mnauliza hata punda wa daktari."

Nikamjibu kwamba punda alikuwa hadanganyi, na kwamba angalau alikuwa anapokea akiitwa.

Muziki ukakatika, na sauti ya mwanamke ikauliza amsaidie nini. Marlys aliuliza kwa maneno machache, kama anayeogopa kuyapoteza. Tulisikia vidole vikigonga vitufe.

"Veldana? Hapana, dada," sauti ikasema. "Tulizungumza nao, mazungumzo yakafa Julai. Kuanzia Januari mgonjwa wao akija hapo kwenu, atalipa mwenyewe."

Marlys akashukuru, akaizima simu. Hanley hakubadilika uso, na hapo nikatambua kwamba alikuwa anajua.

"Huduma moja," akasema. "Moja, kati ya mia nne."

"Ni wagonjwa wangu tisa."

"Tisa kati ya mia mbili na kumi. Hao tisa mpe wakala mwingine awahudumie, wewe uendelee na maisha."

"Wakala yupi? Wote mmeshawasainisha."

Hanley akacheka kidogo, akaanza kuzikusanya karatasi. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliinama karibu na Marlys, akasema kama anayempa ushauri wa kaka, "Sikia, nikwambie ukweli. Usaini usisaini, Oktoba hao wazee watatupigia wenyewe. Televisheni haiombi ruhusa yako."

Marlys hakusaini; akamsogezea kalamu yake. Hanley alilipia kahawa zote, hata yangu, na hilo liliniudhi kuliko maneno yake.

Nilimwambia Marlys amefanya vyema. Alikuwa anafuta makombo mezani kwa kiganja. "Nimefanya vyema, mzee," akaniuliza, "au nimefanya kama wewe tu, kwa mazoea ya zamani?" Nikamsaidia kufuta makombo.

Mambo yakaenda kama Hanley alivyosema. Wiki ya pili ya Oktoba Kampuni ya Bonde iliomba radhi tena: mwaka huu haitawalipa mawakala chochote kwa mteja mpya. Na kila jioni, kwenye kila televisheni ya wilaya, mzee mmoja mwenye meno ya kununua alikuwa anatikisa kadi ya Veldana, kadi ya kununulia chakula kila mwezi, piga namba hii sasa. Watu walipiga. Watu ambao niliwapelekea hati zao za bima mkononi, nikakaa jikoni kwao hadi waelewe ukurasa wa mwisho, walimpa mgeni wa simu namba zao zote kwa dakika kumi na mbili. Kufikia Desemba sitini na mmoja walikuwa wameondoka. Wala Marlys hakuweza kuwaonya mapema, kwa sababu hakuwa na mkataba na Veldana, na wakala asiye na mkataba akiisema kampuni ya mwenzake huitwa mchonganishi na kunyang'anywa leseni. Alichoruhusiwa ni kuwaambia Bonde inakubaliwa wapi. Aliwaambia. Hakuna anayesikiliza mahali anapokubaliwa tayari.

Siku ya mwisho ya kubadilisha bima ni tarehe saba Desemba, na mwaka ule iliangukia Jumatatu. Baada ya chakula cha mchana Marlys alifungua kompyuta kuhakiki majina, akasimama ghafla. Jina la Kubicek halikuwepo. La bibi Hajek, mwingine wa wale tisa, halikuwepo pia. Alipiga simu kwa wote wawili, hakuna aliyepokea. Akavaa koti, nami nikavaa langu bila kualikwa.

Theluji ilikuwa inapeperuka kukata barabara. Kwa bibi Hajek pazia lilisogea, kisha likatulia, na mlango haukufunguliwa ingawa Marlys aligonga hadi nikamshika mkono. Ilikuwa saa tisa na nusu. Tukaenda kwa Kubicek. Yeye alifungua, lakini hakutukaribisha kuketi.

"Umekuja kwa sababu umepoteza mteja," akasema.

"Nimekuja kwa sababu ya figo zako, baba."

"Figo zangu umezikumbuka leo? Kuna kadi ya chakula kila mwezi, na wewe ukanyamaza kama kaburi. Hata sikukuuliza, nilijua ungenificha."

Marlys akamweleza kuhusu sheria, kwamba hakuruhusiwa kusema. Kubicek akacheka kwa dharau. "Hamkuruhusiwa. Lakini kunywa kahawa yangu miaka yote mliruhusiwa." Akanigeukia mimi akaniuliza napata kiasi gani kwa kuendeshwa huku na huko kama jogoo wa maonyesho. Sikupata chochote, ila nilijua nikisema hivyo ataamini nadanganya.

Nilitegemea Marlys atabishana. Hakubishana. Alichukua simu ya ukutani, akauvuta waya wake mrefu, akamwekea mzee mkononi.

"Usiniamini mimi," akasema. "Mpigie Joyce."

Joyce ndiye muuguzi anayemchoma sindano. Mtu anaweza kutomwamini wakala wake, lakini si anayemchoma sindano mara tatu kwa wiki. Kubicek akapiga. Joyce alikuwa na mgonjwa, asubiri. Tukasubiri sote tumesimama, jiko linanguruma, na saa ya ukutani ikapita saa kumi. Chumba cha mashine hufungwa saa kumi na moja. Mara mbili mzee alitaka kuirudisha simu mahali pake, na mara mbili Marlys alimtazama tu.

Kisha tukamsikia: "Joyce? Ladislav. Hiyo Veldana, nyie..." Akasikiliza, simu ameibana sikioni. "Sote tutajilipia?" Akasikiliza tena. "Na Lincoln ni Jumamosi pia?"

Alipoiweka simu alikaa kwenye kiti, akaitazama mikono yake, ule wa kushoto umevimba mishipa kama kamba kwa sababu ya zile sindano.

"Hiyo karatasi ya Bonde unayo?" akauliza.

Marlys alikuwa nayo kwenye koti. Mzee alitia saini na tarehe, tukarudi mjini kwa kasi nisiyoipenda, na kabla ya saa kumi na mbili jibu lilikuwa limerudi kwamba amepokelewa Bonde. Marlys alirudi tena kwa bibi Hajek peke yake. Taa ilikuwa imezimwa.

Tangu Januari binti yake bibi Hajek ameacha kazi ya kiwanda cha maziwa ili ampeleke mama yake Lincoln. Wakikutana na Marlys kanisani, binti anatazama pembeni, na nimesikia anasema mawakala wote ni walewale. Wengine wanane wanasafishwa damu papa hapa.

Kubicek yuko mashineni kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Anawasimulia wenzake, nao wamenisimulia mimi, jinsi alivyoitilia shaka ile kadi mwenyewe, akampigia Joyce mwenyewe, akawakomesha Veldana. Nilimwuliza Marlys kama amesikia. Alisema amesikia, na kwamba mzee akisimulia hivyo wengine nao watajifunza kupiga simu. Bonde haikumlipa hata senti kwa karatasi ile. Zamani, mtu aliyefanyiwa wema kama huo angalau angekuletea soseji.