Dirisha la Kalunde

Fundi Muthengi alitoka Mwingi zamani, akaja Garissa na mwiko wake. Kanisa letu alilijenga yeye. Jumapili moja guruneti lilirushwa kupitia dirishani, likamuua mkewe, Kalunde, katikati ya wimbo. Sisi wazee wa kanisa tukaamua madirisha yote yazibwe kwa mawe. Tulikwisha kata tamaa: dunia imeoza, tulisema, na Mungu amenyamaza.

Tukamwita Muthengi. Akaja na nyundo, lakini badala ya kuziba akaanza kubomoa. Dirisha ambalo Kalunde alikuwa akikaa kando yake akalipanua, likawa pana kama mlango.

“Mzee, una wazimu?” nikamfokea. “Hujui walirushia hapo?”

“Najua kuliko wewe. Damu niliiosha mimi.” Hakuacha kugonga. “Nyumba isiyo na dirisha ni kaburi. Bwana wangu alishatoka kaburini siku ya tatu. Mkitaka kurudi humo, tafuteni fundi mwingine!”

Jumapili iliyofuata alikaa pale pale, mgongo wake ukielekea barabarani, akauanzisha ule wimbo kutoka pale Kalunde alipokatizwa.