Nimeosha lijamu ya Malkia

Leo nimefanya usafi nikavunja mtu moyo. Mtu mwenyewe ni farasi.

Mnakumbuka Malkia, yule farasi watoto wenu walikuwa wanapanda siku ya Idd? Kiangazi ilimmaliza. Aliniachia mtoto, Kijana, na ndiye nafundisha kushika lijamu, ile chuma ya mdomo na kamba zake za ngozi.

Lijamu mpya alikataa. Nikapaka sukari nguru. Akalamba sukari, akatema chuma. Mjanja kama mimi!

Jana nikajaribu ile mzee ya mama yake. Akanusa ngozi, akafungua mdomo mwenyewe. Akatulia kama mtoto ananyonya.

Mimi na furaha yangu, leo asubuhi nikaisugua na sabuni na waya ya sufuria mpaka ikang'aa.

Nikamletea.

Akanusa. Akanusa tena. Akageuza kichwa, akalia.

Jirani yangu Mama Halima, anauza maziwa ya ngamia, alikuwa anasafisha vibuyu vyake na moshi.

"Umeosha na nini?"

"Sabuni, mama."

"Wallahi wewe! Kibuyu yangu haionangi sabuni, harufu ya maziwa itapotea. Huyo mama yake alikuwa hapo kwa ngozi. Umemtoa."

Nikainusa mimi pia: sabuni tu.

Kijana bado anainusa, kona kwa kona.

Sasa, kama mtoto wako alipanda Malkia na ile nguo ya Idd haijafuliwa, niletee.

Najua mmefua. Lakini angalia tu.