Mbuzi wa Juu ya Keria

Miaka ile ya tisini, kwenye basi la Nachingwea kwenda Ruangwa, mbuzi wa mama mmoja alifungwa juu ya keria. Alilia sana njiani, mama akamwomba kondakta wasimame amwangalie.

"Mnyama hana akili, mama," akadakia bwana mmoja wa kiti cha mbele. "Binadamu ndiye anayejua anachosema."

Basi halikusimama, na baadaye mbuzi akanyamaza.

"Mnaona? Hata yeye kakubali!" akasema yule bwana. Abiria wengine wote tukacheka.

Tulipofika Ruangwa tulimkuta mbuzi amenyongwa na kamba. Mama alimsugua shingo taratibu, kama anayemwamsha mtoto.

Yule bwana akavua kofia. "Pole, mama."

"Aliyekuwa analia si mimi," alijibu bila kugeuka.

Tulikuwa basi zima la wenye akili, na kilio cha mbuzi mmoja kilitushinda kukielewa.