Siku Babu Alipokuja Kumwona Mkewe Darasani

Mpaka leo nikisikia mtu anawasifia masista waliotusomesha Mpanda, natafuta sababu ya kuondoka. Wanasema walitufunza usafi, walitufunza kusoma, walitufunza kushona. Sawa, walitufunza. Mimi nashona mpaka leo na mshono wangu haufumuki. Lakini kuna kitu walikichukua kwangu ambacho hawakukileta wao, na hakuna aliyewahi kuniomba radhi, kwa hiyo msinitake niimbe sifa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Serikali ilikuwa imeshazichukua shule za misheni, mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa serikali, na ofisini ilitundikwa picha ya Rais. Lakini kanisa lilikuwa pale pale ng'ambo ya uwanja, kengele ilikuwa ile ile, na Ijumaa bado tulibeba kuni kichwani kuzipeleka jikoni kwa masista. Kipindi cha dini kilikuwa cha Sista mmoja wa Kizungu, mrefu, mkavu, asiyetoka jasho hata mwezi wa kumi. Kiswahili alikijua, tena sana. Alikuwa amekisoma kwenye kitabu huko kwao, akakimeza chote. Sisi ambao nyumbani tulisema Kipimbwe na Kikonongo na Kibende alituona tunamharibia. Ukisema "nyie", rula kwenye ncha za vidole. "Ninyi!" anakuambia. "Sema ninyi!" Basi unasema ninyi huku machozi yanakutoka. Kila neno alilijua yule mama, ila mzaha haukuwemo kwenye kitabu chake.

Mimi nilikuwa nakaa Shanwe kwa mama mdogo. Baba alikuwa mtu wa reli, leo hapa kesho kule, na mama alimfuata. Aliyenilea tangu naanza kutembea ni babu yangu mzaa mama, huko Mpimbwe kwenye mashamba ya mpunga, mpaka nilipofika umri wa shule akanileta mjini. Sasa babu huyo msije mkamfikiria mzee wa busara. Hakuwa na busara yoyote. Alikuwa mkorofi, mdomo mchafu, mtu wa ugoro, na padri akianza kuhubiri yeye anapiga chafya, tena kwa makusudi. Nilimpenda mno.

Aliniita mke wangu. Kwetu, na kwa Watanzania wengi tu, mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Ni utani, na kila mtu anajua ni utani. Babu anaingia uani: "Mke wangu, umenipikia nini leo?" Nawe unamjibu: "Mimi sipikii vizee, nenda katafute mwingine." Kadiri unavyomtukana ndivyo anavyocheka mpaka ugoro unamwagika. Bibi naye anadakia kutoka jikoni: "Mchukue mumeo huyo, mimi amenichosha kwa kukoroma." Nyumbani kwetu hakuna mtu aliyemwambia mwenzake nakupenda. Maneno hayo hatukuwa nayo. Tulikuwa na hayo ya mke na mume.

Mwaka huo nilikuwa darasa la nne na najiandaa kupokea Komunyo ya Kwanza. Kanisani kwetu waliokwisha kupokea walikaa kwenye mabenchi. Ambao bado, chini mbele, kwenye sementi, pamoja na vitoto vinavyojikojolea, na katekista anatembea katikati na fimbo. Wenzangu wote wa darasani walishapanda benchi mwaka uliotangulia. Mimi siku ya mtihani wa katekisimu malaria ilinilaza, nikabaki. Nilikuwa mrefu, magoti yananifika kidevuni, na kila Jumapili wenzangu wakipita kwenda mezani kwa Bwana wananiangalia kwa chini wanabana kicheko. Jamani, niliitaka Komunyo ile kuliko chakula! Safari hii mtihani nilishinda. Mama mdogo alishanishonea gauni jeupe lenye lesi shingoni, na babu alituma salamu kwamba atakuja mwenyewe na mchele mpya, wasithubutu kuanza bila yeye.

Akaja Ijumaa, na Komunyo ilikuwa Jumapili. Alishuka kwenye lori la mpunga, vumbi tupu mpaka kwenye nyusi, na badala ya kwenda Shanwe kuoga akaja moja kwa moja shuleni. Tulikuwa kwenye kipindi cha dini, Sista mbele ya ubao na katekista kakaa pembeni karibu na dirisha, kama kawaida yake. Babu akasimama mlangoni, kofia yake ya pama kichwani, kiroba begani.

Sista akamuuliza, "Mzee, unamtafuta nani?"

"Nimekuja kumwona mke wangu," babu akasema.

Darasa zima likacheka. Nani asingecheka? Kila mmoja mle ndani alikuwa na babu wa namna hiyo nyumbani. Lakini Sista hakucheka. Alidhani tunacheka kwa aibu.

"Mke wako yuko hapa? Katika darasa langu?"

"Yule pale." Babu akaninyooshea kidole. "Yule mwenye mdomo mrefu. Sura hana, Sista, lakini nimeshazoea."

Wenzangu wakazidi kucheka, wengine wanagonga madawati. Sista akanigeukia na kunisimamisha. Naapa, alipoongea sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku zote, na mimi mjinga upole ule ukanipa kichwa.

"Je, ni kweli? Mzee huyu ni mume wako?"

Sasa nyie niambieni, mtoto aliyelelewa vizuri angejibu nini hapo? Babu yupo mlangoni anakodoa macho, anangoja nimpe lake. Kukaa kimya ingekuwa kumdharau mbele za watu.

"Ndiyo, Sista," nikasema. "Lakini mimi simtaki, hana meno."

Loo! Babu akapiga paja lake kwa furaha. Sista akaushika ubao kwa mkono. Akamuuliza babu kama mahari imelipwa, na mzee wa watu, akidhani amepata Mzungu anayejua utani, akasema alishalipa jogoo siku niliyozaliwa. Akamuuliza kama nyumbani ana mke mwingine. "Yupo mmoja bibi kizee," babu akasema, "huyu ndiye kijana." Nakumbuka katika dakika ile babu alikuwa anafurahi kweli kweli. Alikuwa anamwona Sista ni mtu wetu.

Hapo ndipo Sista akamgeukia katekista. Nataka mlielewe jambo hili, kwa sababu ndilo linalonichoma. Katekista alikuwa Mpimbwe kama sisi. Kijiji chao na chetu vimetenganishwa na mto tu. Mjukuu wake alisoma darasa la pili, na kila jioni alipomngoja kwenye baraza ya kanisa nilimsikia kwa masikio yangu akimwita bibi harusi wangu, njoo twende zetu. Sista akamuuliza, "Mwalimu, maneno haya maana yake nini? Ni desturi ya watu hawa?"

Neno moja tu lingetosha. Utani, Sista. Basi. Yule bwana akatazama viatu vyake, akakohoa, akasema, "Sista, watu wa huko bado wana mambo ya kipagani."

Watu wa huko! Yeye wa wapi? Alizaliwa Roma? Mnafiki mkubwa yule, sijui aliogopa nini. Labda aliogopa Sista atamuuliza anajuaje. Labda alipenda tu kuwa yeye peke yake aliyestaarabika mle ndani. Kila nikifikiria damu inachemka, na mtu mwenyewe alishakufa zamani, sina wa kumchemkia.

Sista akatamka pale pale, kwa Kiswahili chake kilichonyooka, kwamba mke wa mtu hapokei Komunyo pamoja na watoto wasio na hatia. Tena mzee mwenyewe, kwa kuwa ana wake wawili, asikaribie meza ya Bwana mpaka ajirekebishe. Babu akacheka kidogo bado, akitungoja na sisi tucheke. Akanitazama mimi, akamtazama katekista, akasema naye kwa Kipimbwe, taratibu, "Mwambie basi." Katekista akafungua kitabu cha nyimbo.

Babu alikuwa amebatizwa akiwa kijana, wa kwanza katika ukoo wao. Alikuwa anapiga chafya kwenye mahubiri, ndiyo, lakini hakukosa misa hata mvua ikifunga njia. Alitoka pale akiwa ameshika kofia mkononi na kiroba cha mchele kimebaki mlangoni, mpaka mwanafunzi mmoja akamkimbilia nacho.

Jioni mama mdogo alikwenda kwa masista akapiga magoti, akaeleza. Sista akamjibu, "Mama, mtoto mwenyewe amekiri." Mama mdogo akarudi analia kwa hasira, akalikunja gauni akaliweka kwenye sanduku. Babu hakula. Alikaa uani na bakuli mbele yake, na nilipomsogelea akaniambia nikalale. Nikalala nikiwaza. Jumapili nitakaa tena kwenye sementi, na safari hii watu wote watajua ni kwa sababu ya uzinzi, neno ambalo hata maana yake nilikuwa sijaijua vizuri.

Jumamosi Paroko akarudi kutoka vigangoni huko vijijini. Huyu alikuwa Mzungu mzee, amekaa nchini mpaka Kipimbwe anakisema. Mama mdogo akamkimbilia hata kabla hajashuka kwenye gari. Padri aliposikia alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. "Hata mimi vibibi vya huko vinaniita mume wangu!" Akasema nitapokea, na babu atapokea, mambo yamekwisha. Tukamshukuru Mungu.

Hayakwisha. Sista alisema darasa zima lilisikia, kwa hiyo darasa zima lisikie tena. Mzee aje aseme kwa mdomo wake kwamba mimi si mke wake, na mimi niseme kwamba yeye si mume wangu, na maneno yale yasirudiwe kamwe. Hilo ndilo sharti lake. Na Padri, aliyejua kila kitu, aliyekuwa amecheka nasi sasa hivi, akainua mabega. "Ni maneno mawili tu, mzee. Yaseme yaishe." Hakutaka ugomvi nyumbani kwake, ndivyo ninavyoona mimi. Sista hakujua. Padri alijua akaona ni kitu kidogo. Sijui ni yupi kati yao nimemchukia zaidi, miaka yote hii.

Jumamosi hiyo hiyo darasa zima lilikuwa limeitwa kwa mazoezi ya nyimbo za misa ya kesho yake. Babu aliingia ameoga, amevaa koti la misa. Sista akamwonyesha pa kusimama, mbele ya ubao, pale tunaposimamishwa sisi tukikosa hesabu. Safari hii hakuna aliyecheka. Katekista alikuwa pale pale dirishani.

"Huyu si mke wangu," babu akasema. "Ni mtoto wa binti yangu."

"Na wewe," Sista akaniambia.

Nikamtazama babu nione kama atanikonyeza, maana kukonyeza alikuwa bingwa. Alikuwa anatazama sakafu.

"Huyu si mume wangu."

"Kwa sauti."

Nikasema kwa sauti. Kanisa halina talaka, ndivyo walivyotufundisha, na maswali yake kwenye katekisimu nilijibu yote. Mimi ya kwangu nilipewa nikiwa darasa la nne, mashahidi wamejaa madawatini. Sista akatabasamu, akanishika bega, akasema vizuri sana.

Jumapili nikapokea. Nilivaa gauni la lesi, nikapita mbele ya sementi ile bila kuitazama, nikarudi nikakaa kwenye benchi. Babu naye alipokea, nikamwona akirudi mahali pake mikono kaifumbata, na katika mahubiri hakupiga chafya hata moja. Nikaona kheri, tumeshinda, yameisha.

Nyumbani Shanwe mama mdogo alipika mchele mpya kwa kuku, majirani wakajaa uani. Babu alikaa kwenye kiti karibu na mlango. Mimi nilikuwa na furaha ya kupasuka. Nikachukua sahani yake, nikaijaza, nikampelekea mwenyewe nikijizungusha ili gauni lipepee.

"Haya mume wangu," nikamwambia, "kula, ingawa meno huna."

Majirani wakacheka. Babu akaipokea sahani kwa mikono miwili. Akatazama upande wa lango, kisha akanitazama mimi kama anavyomtazama mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi.

"Sema shikamoo, babu," akaniambia.

Nikadhani ndio utani wenyewe. Nikasimama pale nacheka, nangoja sehemu iliyobaki. Haikuja. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaniona naolewa, akawapakata wanangu, na kila nilipokwenda Mpimbwe nilimwamkia mlangoni kama walivyomwamkia wageni, naye akaniitikia marahaba, mwanangu, karibu.