Hati Zilizopelekwa Langoni

Phanice Nyakerario alirudi Birongo mkono wake wa kulia ukiwa umeharibiwa na mafuta ya moto. Alikuwa mpishi katika ubalozi wa nchi moja ya kigeni huko Marekani, na kutoka huku kijijini akaishtaki serikali ya nchi hiyo katika mahakama ya Wamarekani.

"Jaji ameitupa kesi," wakili Beverlyne alimwambia ofisini kwake mjini Nyamira. "Nani alipeleka hati za mashtaka ubalozini?"

"Binamu yangu Manasseh aliye huko Marekani, pamoja na shahidi. Kwetu ukimlalamikia mtu, unafika langoni kwake. Wewe ni Mgusii gani usiyejua hilo?"

"Mama, nilikukataza! Sheria ya Wamarekani inazikinga serikali za kigeni. Wewe ulikuwa na mwanya, kwa sababu kuajiri mpishi huhesabiwa kuwa biashara. Lakini hati zilipaswa kutumwa kwa posta na karani wa mahakama kwa waziri wa mambo ya nje wa nchi uliyoishtaki, huko kwao, si ubalozini."

"Kwa posta, kana kwamba naomba kazi? Waniunguze, kisha niwaandikie barua!"

"Basi kaa na kiburi chako, uendelee kuchuma chai kwa mkono mmoja."

Phanice aliinuka kwa hasira hadi mlangoni, akasita.

"Jaji anaruhusu tuanze upya?"

"Anaruhusu."

Alirudi, akampokonya wakili kalamu na kutia sahihi hati mpya kwa mkono wa kushoto, herufi zikienda upogo. Kisha akatoka bila kuaga.