Uji wa Watu Wawili

Ilianza Jumamosi, saa nne asubuhi, likizo ya Agosti, mwaka niliokuwa darasa la tatu. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya Baba ilikuwa imemaliza tu kusoma habari, na Cucu, mama yake Baba, akamwambia aizime. Alisema mtu haendi kushuhudia kiapo huku tangazo la sabuni linamlia masikioni.

Nisingeyaandika haya kama si jiwe la mwalimu wetu wa jiografia. Wiki iliyopita alilipitisha darasani, jiwe jembamba linalobanduka ganda kwa ganda kama kitunguu. Lilipofika kwangu nililishika kidogo tu nikampa mwenzangu, lakini vidole vikabaki vinang'aa. Nikavinusa. Vumbi lililolowa, na kwa mbali chuma. Mwalimu akauliza nani amewahi kuliona jiwe hili kwao. Sikuinua mkono. Mimi si mtu wa kuinua mkono. Lakini kwetu tulikuwa tukilikuta hadi kwenye ugali.

Kijiji chetu kiko chini ya Kambi, upande wa Embu wenye joto, ambako mawele hukubali na mahindi hukufia mikononi. Kambi ilikuwa mji siku za machimbo ya jiwe hilo. Nilipozaliwa wenye machimbo walikuwa wameshaenda zao, na watu wetu walikuwa wameugawana ule mji kipande kwa kipande. Mlango wa jikoni kwa Cucu ulikuwa na namba 14 ya rangi nyeupe, na choo cha kanisa kilikuwa na mlango ulioandikwa DAKTARI, na hakuna aliyeona ajabu. Mbuzi walilala katika ofisi ya mishahara. Kitu pekee ambacho hakikupata mwenyewe ni mashimo.

Shimo kubwa kuliko yote lilikuwa kati ya shamba la Cucu na la Babu Ireri, mdogo wa marehemu babu yangu Nthiga. Mpaka wa zamani ulikuwa mstari wa maua meupe ya kupandwa. Maua yalikuja vizuri, yakafika ukingoni yakakoma, kisha yakaendelea ng'ambo. Katikati ilikuwa hewa, na chini maji ya kijani ambayo hata kiangazi hayakukauka. Tulikatazwa kuchungulia. Adhuhuri, upepo ukitulia, kulisikika kitu kama mtu anagonga sufuria polepole, na sisi watoto hatukuulizana ni nani. Babu Nthiga alikuwa humo. Udongo ulimfunika kabla sijazaliwa, na hakuna aliyeweza kumtoa. Kaburi lingine hana. Hadithi yake ilisimuliwa kwa namna moja siku zote: machimbo yalipofungwa, aliingia peke yake kutafuta mabaki, ukuta ukamwangukia. Peke yake. Hakuna aliyeisimulia bila kuweka hilo neno.

Mwaka ule watu wa kupima ardhi walikuwa njiani kuja, na tajiri mmoja kutoka mjini Embu alitaka kununua lile shimo, avute maji kwa pampu, achimbe tena. Babu Ireri akasema shimo lote ni lake. Cucu akamjibu mbele ya wazee wa ukoo kwamba akitaka achukue shamba hadi mlangoni kwake, lakini shimo hapana.

"Hamtampiga Nthiga pampu," alisema.

Wazee wakaamua Ireri abebe udongo. Kwetu anayedai ardhi huchukua bonge la udongo wa pale pale panapogombaniwa, analiweka kichwani, kisha anaufuata mpaka anaoudai akisema kwamba kama si pake, udongo huo ummeze. Akifika mwisho, pamekuwa pake na maneno yameisha. Pasta alikuwa ametangaza kuwa muumini yeyote atakayeonekana kwenye kiapo hicho hatashiriki meza ya Bwana. Cucu, ambaye alikuwa akiongoza kwaya ya akina mama, akavaa gauni lake la kanisa akaenda. Mimi akanishika mkono. Nina jina lake, Ciarunji, na alisema jina likishuhudia mara mbili halisahau.

Wazee walifanya kosa moja. Walimchotea Babu Ireri udongo wa ukingoni, na ukingoni hakuna udongo wa kweli, kuna vumbi lililotolewa chini siku za machimbo. Agosti ni kavu. Lile bonge halikushikana. Alipoanza kutembea likaanza kumwagika, kidogo kidogo, juu ya nyusi, mabegani, kwenye shati lake jeupe, na kwa vile alikuwa akitoka jasho, likaganda. Jua lilikuwa limeshapanda. Binamu yangu akaninong'oneza kwamba babu anaenda harusini, akachapwa kofi la kisogoni.

Babu Ireri aliendelea kutembea akisema maneno yake. Kila alipopiga hatua alizidi kung'aa, mpaka alipofika pale maua yanapokoma sikuweza kuuona uso wake. Niliona mwanga wenye umbo la mtu. Wanawake wazee nyuma yangu waliacha kunong'ona. Baadaye nilisikia kwamba hivyo ndivyo wanaume walivyokuwa wakirudi nyumbani jioni enzi za machimbo, na kwamba mashuka ya vijana waliooana yalikuwa yaking'aa hata yakianikwa.

Cucu akauachia mkono wangu. Akamsogelea hadi karibu, akaongea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana.

"Nthiga," alisema. "Uji ulitosha?"

Babu Ireri alisimama. Kichwani lilikuwa limebaki bonge la kutosha kiganja. Chini kwenye maji ile sufuria ikagongwa, au labda ni mimi nilitaka igongwe.

"Hatukuunywa," alisema.

Babu Ireri alilishusha lile bonge kwa mikono miwili, akaliweka chini taratibu kama anayemlaza mtoto. Akajaribu kujipangusa, vumbi likazidi kuenea. Basi akavua shati, akaliacha pale, akaenda kwake kwa njia ya mbuzi bila kumuaga mtu. Mzee mmoja akasema, "Haya." Watu wakatawanyika.

Mimi nilidhani wanazungumza habari za chakula. Njiani nikamuuliza Cucu kama tukifika tutapika uji. Alicheka mpaka akashika ua wa miti kando ya njia, na alipoinua uso haukuwa uso wa mtu aliyekuwa akicheka.

Baba alinieleza nilipofika kidato cha pili. Asubuhi ile Babu Nthiga alipoenda shimoni, Cucu alipika uji wa mawele akautia kwenye kibuyu kikubwa, kile cha watu wawili, kwa sababu langoni aliona watu wawili, na mmoja alikuwa na kamba begani. Jioni Ireri alikuja na waombolezaji wengine, akasema alikuwa ameshinda mjini. Cucu hakumuuliza. Walikula Krismasi sahani moja, miaka yote. Mtu alikuwa chini na mtu alikuwa juu ameshika kamba, na mikono ile ilifanya nini udongo ulipotikisika, anajua mwenyewe.

Baba anasema Ireri alitaka pesa za yule tajiri. Mimi huwa nafikiri alitaka mtu mwingine alifungue shimo, kwa sababu yeye hakuweza. Na kama Cucu alimtega, au kama kweli kwa dakika ile alimwona mumewe amerudi kutoka kazini, sikuthubutu kumuuliza, na mwaka jana tulimzika. Wapimaji walilizunguka shimo. Kwenye ramani halina jina la mtu.

Kesho yake, Jumapili, hatukwenda kanisani. Jioni iliyotangulia Cucu alikuwa ameliokota lile shati, akalifua mwenyewe kwa sabuni ya mche. Asubuhi akalikunja, akanituma. Nilimkuta Babu Ireri ameketi mlangoni kwake na fulana, hajanawa uso. Nikampa kwa mikono miwili bila kumwangalia.

"Limetoka lote, lile vumbi?" aliuliza.

"Kiasi, Babu."

Akalielekeza kwenye jua. Kwenye mishono lilikuwa bado linametameta. Akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akabaki ameketi.

Niliporudi, beseni alilofulia lile shati lilikuwa bado nyuma ya mlango namba 14, maji yametulia, mng'ao wote umezama chini. Cucu aliniambia nisiyamwage njiani. Nikalibeba hadi shimoni, nikafika ukingoni kwa mara ya kwanza bila mtu kunikataza, nikayamimina polepole ili yasipige kelele.